Nyumba Isiyo na Nzi

Kitu cha kwanza kilichonishangaza nilipoolewa ng'ambo ya Kapkatet ni kwamba nyumbani kwa mama mkwe wangu hapakuwa na nzi. Sisemi walikuwa wachache. Hawakuwapo kabisa. Zizi la ng'ombe lilikuwa karibu na mlango, maziwa yalikamuliwa pale pale asubuhi na jioni, na huko nje nzi walikuwa wengi kama ilivyo kawaida ya boma lolote lenye ng'ombe. Lakini ukishaingia ndani ya ile nyumba yake ya mviringo, yenye kuta za udongo na paa la nyasi, ungeweza kuacha kikombe cha maziwa wazi, ukaenda mtoni kuteka maji, ukarudi ukakikuta kama ulivyokiacha. Viroboto hawakuwapo. Kunguni hawakuwapo. Hata funza, wale wanaoingia kwenye vidole vya miguu na kukaa humo kama wapangaji, hawakujua njia ya kufika kwake.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi za wachuna chai kule Kericho, kwa wazazi waliotoka Kisii kutafuta kazi. Nililelewa katika chumba kimoja ambamo kunguni walikuwa na haki kutuzidi sisi wenyewe. Kwa hiyo siku nilipolala usiku mzima kwa mama mkwe bila kujikuna, niliamka nikamtazama mwanamke yule kwa macho mengine.

Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka hasira ikishapita. Yeye alizungumza Kikipsigis, mimi Kigusii, tukakutana katikati kwenye Kiswahili ambacho kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Dawa aliiita tawa, na mpaka leo nikisikia neno hilo kwa sauti yoyote namsikia yeye. Miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa kwetu na watu wa kwao walikuwa wametoka kupigana mpakani, na wako wanawake waliomwuliza ana kwa ana kama mwanawe alikosa wasichana wa nyumbani. Aliwajibu kwamba yeye alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kukamua, hakuwa akitafuta kabila. Nilimwuliza kama hiyo ndiyo sifa yangu pekee. Akasema tutaona.

Siri ya nyumba yake aliniambia mwenyewe, kwa majivuno yasiyofichika. Chini ya kilima chetu palikuwa na josho, lile shimo refu la saruji ambalo zamani lilijazwa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe aliingia upande mmoja, akazama mpaka masikio, akaogelea na kutokea upande wa pili kupe wakiwa wamekufa. Josho lilijengwa yeye akiwa bibi arusi. Kila liliposafishwa, tope la chini lilichotwa na kumwagwa kando, na miaka ilivyokwenda likawa rundo kubwa. Mimi nilipofika, kamati ya josho ilikuwa imekwisha kuvunjika kwa ugomvi, shimo limekauka, na watu wanapulizia ng'ombe wao dawa nyingine kwa pampu nyumbani. Lakini rundo lilikuwa bado pale, limeota nyasi za kijani kuliko pengine popote.

"Nilifikiria tu," aliniambia. "Hii tawa inaua kupe kwa ng'ombe. Kiroboto ni nani?"

Basi akawa anachota beseni la lile tope, analichanganya na samadi mbichi na majivu, na kwa mchanganyiko huo anasiriba sakafu na kuta zake kwa viganja vitupu, kama ambavyo wanawake wote wa pale husiriba nyumba zao kwa samadi peke yake. Alianza mambo hayo wakati mume wangu, ambaye ndiye kitinda mimba wake, akiwa angali anatambaa. Majirani waliona, wakauliza, akawafundisha. Karibu kila mwanamke wa rika lake pale kilimani alikuwa na nyumba isiyo na nzi, na wote walijua imetoka kwa nani. Nami nilimwona mtu wa ajabu. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na bado alikuwa ametazama jambo, akalifikiria, akalijaribu, likakubali.

Mimi na mume wangu tulikuwa na nyumba yetu ya mbao na mabati juu kidogo ya boma, yenye sakafu ya saruji. Lakini nilipopata mimba ya kwanza ilijulikana, bila mtu kuuliza, kwamba nikishajifungua nitakaa na mtoto kwa mama mkwe. Hiyo ndiyo desturi ya pale. Mama mzazi hukaa karibu na moto wa mkwewe, analetewa uji na maziwa, na mtoto analala chini kwenye ngozi ya ng'ombe mahali penye joto. Mimba ilipoanza kuonekana, mama mkwe alishuka kwenye rundo na debe, akarudi, akashuka tena. Akasiriba nyumba yote upya, na pale mahali pa kulala mtoto akapaka mara mbili.

"Huyu mtoto," alisema akiwa amepiga magoti, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, "hataumwa na kiroboto hata moja."

Naikumbuka furaha yake siku ile.

Mtoto alikuwa bado na miezi kadhaa ya kukaa tumboni chifu alipoita baraza. Walikuja wageni wawili, afisa wa mifugo na mwanamke wa afya ya jamii, wakasimama chini ya mkaratusi nje ya kituo cha kununulia majani chai, na watu wakakaa kwenye nyasi. Afisa alisema josho letu litazungushiwa ua. Alisema dawa iliyotumika zamani ilipigwa marufuku, na si nchini mwetu tu bali katika nchi nyingi. Alieleza taratibu, bila kutisha, kwamba dawa nyingine ukizimwaga huisha zenyewe kwa jua na mvua, lakini hii haiishi. Inakaa kwenye udongo. Kutoka kwenye udongo inaingia kwa ng'ombe, kwa ng'ombe inakaa kwenye mafuta, inatoka kwenye maziwa, inaingia kwa mtu, na kwa mtu pia inatafuta mafuta inakaa. Kisha yule mwanamke akasema wataalamu wanaamini inaweza kuongeza hatari ya kansa. Si kila mtu, alisema. Si lazima. Lakini inaweza, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo na walio tumboni. Ndipo akauliza kama kuna mtu anayetumia lile tope kwa kazi yoyote.

Wanaume walikuwa wakitazama huku na huku, lakini wanawake wote walitazama mahali pamoja, na mahali hapo alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Alisimama. Hakujitetea wala hakukana. Aliuliza swali moja tu, na alimwuliza yule afisa.

"Itaoza lini?"

Afisa alifikiri, akaangalia viatu vyake, akasema, "Mama, mimi na wewe tutaoza kwanza."

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi maneno hayo yalivyotuangukia. Sisi ni watu wa kilima chenye mvua kila alasiri. Kwetu kila kitu huoza. Nguzo ya ua unaichimbia leo na baada ya miaka michache unaing'oa ikiwa unga. Paa la nyasi huoza, kitambaa huoza, mabati yenyewe hupata kutu. Tunaishi kwa kuoza, maana samadi na majani yaliyooza ndiyo yanayotupa mahindi. Kuambiwa kwamba kuna kitu kimewekwa duniani kisichojua kuoza, na kwamba kimewekwa na watu, na kwamba tumekipaka kwenye ukuta, hilo lilikuwa kubwa kuliko vichwa vyetu. Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya hofu nilistaajabu, nikawa kama mtu aliyeambiwa kwamba mto wa kwao hauna mwisho.

Siku zilizofuata mama mkwe alikaa mlangoni akizitazama kuta zake. Mimi nilijua anachopima, naye alijua najua. Nyumba ile ilikuwa ya mume wake, ndiyo aliyomjengea, na mtoto wangu alikuwa njiani kuja kulala ndani yake. Hakuwa mtu wa kuamini neno la mgeni mwenye viatu vizuri eti kwa sababu limesemwa barazani. Alitaka kuona.

Ilikuwa majira ya siafu. Mvua zikizidi pale kwetu, siafu hutoka na kuvuka mashamba ya chai kwa mstari mnene usiokatika, na hata ng'ombe huwapisha. Asubuhi moja alinishika mkono akaniongoza polepole, maana tumbo lilikuwa limekwisha kuwa zito, mpaka ukingoni mwa chai. Mkono wa pili alikuwa amebeba kipande cha ukuta. Alikuwa amekibandua nyuma ya kitanda chake, kutoka kwenye tabaka la chini kabisa, lile alilosiriba mara ya kwanza na ambalo hakuna aliyeligusa tena. Alikiweka katikati ya njia ya siafu, akarudi nyuma, tukasimama.

Siafu wa mbele walifika wakasimama. Waliokuwa nyuma wakawarundikia. Wachache walipanda juu ya kile kipande, na hao tuliwaona wakianza kuzunguka mahali pamoja, wakianguka kando, wakichezesha miguu hewani. Halafu mstari mzima ukagawanyika. Nusu walipita kushoto, nusu kulia, wakakutana tena mbele na kuendelea na safari yao, na katikati kile kipande cha udongo mkavu kikabaki peke yake na wafu wake wachache.

"Huyu bwana yako alikuwa anatambaa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye kanisani. "Nimebadilisha nyasi ya paa mara mingi. Nguzo nimebadilisha. Mzee mwenyewe ameenda. Hii tawa iko tu. Iko na nguvu kama ya jana."

Akanigeukia, akaniwekea kiganja tumboni. Mara akakiondoa haraka, akakitazama, akakipangusa kwenye sketi.

Jioni ile alimwambia mwanawe kwamba nyumba itabomolewa kabla mtoto hajazaliwa. Mume wangu alikataa. Alisema ni nyumba ya baba, kwamba tutaweka karatasi ya nailoni chini, kwamba wageni wale walisema si lazima. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Baba yako alinijengea nyumba akae na watoto wake," alisema. "Hakujenga akae na hii kitu. Kama unataka kulinda nyumba, lala wewe ndani, utuambie."

Mume wangu alitoka nje akaenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Likabaki swali la udongo. Huwezi kuuchoma ukaisha. Kuumwaga shambani ni kuula. Kuutupa mtoni ni kuwapelekea wengine. Mama mkwe aliamua utarudi ulikotoka, ndani ya shimo la josho lenyewe, kabla ua haujafungwa. Alishuka kumwona afisa wa mifugo kituoni, naye akakubali, akaongeza kwamba shimo litafunikwa kwa saruji. Kisha mama mkwe akafanya jambo gumu kuliko kubomoa. Alianza kwenda mlango kwa mlango kwa wanawake aliowafundisha, akiwaambia kwamba alichowafundisha ni kibaya.

Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia kwamba tangu aolewe hajawahi kupata usingizi kama huu na hatarudisha viroboto kwa ajili ya maneno ya chifu. Mwingine alimfungia mlango, maana alikuwa amezika binti kwa kansa ya koo, ugonjwa ambao pale kwetu kila ukoo unaujua, na alisikia habari hiyo kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kumsaidia. Mama mkwe alikaa nje ya mlango ule mpaka jua likageuka, kisha akaja nyumbani. Kesho yake akaenda tena.

Siku ya kubomoa, mume wangu na vijana wa jirani walijitokeza na majembe na vikapu vya kuchunia chai. Mama mkwe aliwafukuza kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. Vikapu kwanza, kwa sababu hicho ni kikapu cha majani yatakayonywewa na watu wasiojulikana, na je, wao wametukosea nini? Kisha akawafukuza vijana wenyewe.

"Nyinyi bado mnazaa," alisema. "Kaeni kule juu na huyu mtoto ya wenyewe."

Mtoto wa wenyewe nilikuwa mimi. Tulikaa juu, upande ambao upepo ulitokea, na kutoka huko niliona walivyokuja. Walikuwa wanawake wazee wa kilima kile, wale waliomcheka na wale ambao hawakumcheka, na mwishoni kabisa, peke yake, yule aliyefunga mlango. Walikuwa wamefunga vitambaa puani na kuvaa mifuko ya plastiki mikononi. Walibomoa ukuta polepole, wakijaza magunia, wakishuka nayo mgongoni mpaka kwenye josho, wakimwaga, wakipanda tena. Mmoja wetu aliwapigia kelele kuwauliza kwa nini wazee ndio wabebe. Mama mkwe alisimama akashika kiuno.

"Sisi imeshatukula," alijibu. "Itafute nini ingine kwetu?"

Wenzake wakacheka, cheko la kweli la wanawake waliochoka, wakaendelea kushuka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, mtoto akinipiga mateke, na machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimesikia habari nyingi za mashujaa shuleni, na hakuna aliyenieleza kwamba wanaweza kuwa bibi wenye magoti mabovu wakibeba magunia ya udongo. Waliporudi kwao, nyumba nyingine zikafuata. Yule aliyesema hatarudisha viroboto alibomoa yake mwisho, akinung'unika mpaka gunia la mwisho.

Binti yangu alizaliwa hospitali ya Kapkatet. Mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa akilala kwenye banda letu la jikoni, kwa sababu mama halali nyumba moja na mwanawe na mkewe hata mvua inyeshe mawe, alikuja kutuona. Alisimama mbali na kitanda, mikono nyuma. Muuguzi alipomnyooshea mtoto, alirudi hatua.

"Nimeshika hiyo tawa miaka mingi," alisema. "Hii mikono si ya mtoto."

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye subira, alimpeleka kwenye bomba, akamwosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayemwosha mtoto, akamkausha. "Mikono ni safi, kogo," akamwambia. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza aitwe hivyo kwa ajili ya mtoto wangu. Alimpokea. Hakumnyanyua kwa kelele na mate ya baraka alivyozoea kufanya kwa wajukuu wengine. Alimshika tu, akimtazama.

Mimi nilimwuliza muuguzi lililokuwa likinisumbua. Nilikuwa nimekunywa maziwa ya boma lile tangu niolewe, na kama kitu kinakaa kwenye mafuta, si kitatoka kwenye titi langu? Hakunidanganya. Alisema kidogo kitatoka. Alisema amesoma kwamba kidogo hicho kinapatikana kwa mama wa kila nchi, hata kwa watu wanaoishi kwenye barafu kaskazini mwa dunia, ambao hawajawahi kuona josho wala kupe, na hata hivyo maziwa ya mama ni bora kuliko chochote nitakachompa. "Nyonyesha," alisema. Nikanyonyesha, nikiwaza juu ya mwanamke wa barafuni ambaye sitamjua kamwe, anayenyonyesha akiwa na kitu kile kile mwilini. Sikuwahi kuona dunia ikiwa ndogo namna ile, wala kubwa namna ile.

Mama mkwe alijengewa nyumba mpya, ya duara vile vile, akaisiriba kwa samadi na majivu tu. Nzi walirudi. Binti yangu alitambaa juu ya sakafu ile, akaumwa na viroboto, na kila alama nyekundu iliyotokea mguuni mwake kogo wake aliwaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha cheti.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini alianza kushindwa kumeza. Kwanza ugali, kisha uji. Hospitali ya Kaplong walimpima wakatuambia ni kansa ya koo. Mume wangu aliuliza kama ni lile tope. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua. Inaweza kuwa chai ya moto kupita kiasi, moshi wa jikoni, damu ya ukoo, tope, vyote, au kisichokuwa hata kimoja. Mama mkwe alimsikiliza akiitikia kwa kichwa. Hakuonekana kukasirika. Aliniambia baadaye kwamba daktari huyo ni mzuri, hajifanyi.

Siku moja, akiwa amebaki na sauti ya mnong'ono, aliniita mimi, si mwanawe.

"Yule mtu alisema inakaa kwa mafuta," alisema. "Mimi niko nayo mingi. Msinizike karibu na mahindi."

Nilimwambia aache. Nilimwambia daktari angecheka. Akasema acheke, yeye atakuwa amelala. Alitaka kuzikwa chini kule, ndani ya ua wa josho, pamoja na udongo wake, ili alichonacho kisimtoke kikaingia shambani na kumfikia mtoto. Alimtaja binti yangu kwa jina, jina alilompa yeye.

Alipofariki, wanaume wa ukoo walikataa katakata. Mama wa boma hazikwi mahali pa ng'ombe. Mimi ndiye niliyesimama, mtoto wa wenyewe, nikasema kwa Kiswahili changu kibovu kwamba njia ile aliipita na magunia mgongoni, kwa hiyo anaijua, na kwamba alichoomba aliniomba mimi. Sijui walinisikiliza kwa nini. Labda kwa sababu wale wanawake wazee walisimama nyuma yangu. Kaburi lilichimbwa kwenye pembe ya ndani ya ua, mbali na saruji ya shimo, chini ya zile nyasi za kijani.

Wiki chache baadaye nilimkosa binti yangu nyumbani, nikashuka mbio. Nilimkuta amesimama nje ya ua wa josho, vidole vyake vya miguu karibu kabisa na waya, mikono nyuma. Alikuwa akimpa kogo habari za ndama aliyezaliwa. Alizisema zote kwa sauti kubwa, kutoka upande wa huku, kama alivyofundishwa, na hakuvuka.